Posa Yangu na Mbwa wa Elkana

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Mzee Boga, baba yake Mastura, ametoa neno. Wazee wangu waje Jumapili baada ya sala ya alasiri, walete posa ya Mastura kwa mara ya pili. Hakuna ya tatu. Mara ya kwanza hawakufika hata mlangoni. Walifika kwenye kona ya Elkana, Kamishna akatoka, wazee wakarudi mbio, na Mjomba Nguma mpaka leo ana kiatu kimoja.

Kamishna ni mbwa. Elkana ndiye mwenyewe, mfanyakazi wa bandarini, mtu wa bara, jirani yetu hapa Timbwani. Njia ya kwenda kwa kina Mastura inapita mbele ya nyumba yake, hakuna nyingine. Na Kamishna hana ugomvi na mtu yeyote duniani ila aliyevaa kanzu. Akiona kanzu, anaingiwa na wazimu. Wanasema alipokuwa kitoto, kanzu iliyoanikwa ilimwangukia ikamfunika asubuhi nzima. Kanzu ilikuwa yangu. Nimelikana hilo kila nilipoulizwa.

Sasa huyo Mwachande! Fundi baiskeli, anajipaka mafuta ya waridi kama bibi harusi, naye pia anamtaka Mastura. Leo nimemwona kwa macho yangu akipita pale na kanzu yake nyeupe pe, na Kamishna anamtikisia mkia! Nilichunguza nikaigundua siri. Anamrushia miguu ya kuku. Hongo ya wazi mchana kweupe. Wazee wake nao wamepewa nafasi Jumapili hiyo hiyo, nyuma ya wangu. Wangu wakikimbia tena, wake wataingia, na Mastura ndiye huyo amekwenda.

Mama anasema niende kwa Elkana nimwombe kwa adabu amfunge mbwa wake siku hiyo. Haiwezekani. Elkana na mimi hatusemezani tangu alipoushusha waya wa redio yangu niliokuwa nimeufunga kwenye paa lake. Mimi Rama siwezi kumwomba mtu huyo hata maji ya kunywa. Lazima iwepo njia ya akili.

Jumanne, 6 Agosti

Njia ya akili imepatikana. Ofisi ya mifugo kuna daktari, mama mmoja mpole, Daktari Rispa. Nilimweleza kwamba nina mbwa mkali, hafungiki wala hashikiki, na ninataka kumleta adungwe sindano ya kichaa cha mbwa. Je, hakuna dawa ya kumpoza kidogo? Akasema ipo. Moyo ukaruka!

Akaniuliza mbwa ana kilo ngapi. Hapo nilikwama. Angekuwa mbuzi ningejua, maana mbuzi namshika mgongo, namnyanyua, nakwambia kilo zake na mchuzi utakaotoka. Lakini mbwa simgusi. Nani katika watu wetu aliyewahi kumnyanyua mbwa? Nikafumba macho, nikamwona Kamishna anavyokuja mbio, nikamfananisha na beberu wetu wa Idi. Nikasema arobaini. Akauliza umri. Nikasema kijana tu, barubaru. Akauliza kama ana maradhi ya moyo au kifafa. Nikasema kwa sauti anayobwekea, moyo wake hauna neno.

Alinipa vidonge kwenye bahasha ndogo, vya kumleta safari hii na nyingine nne, na maneno mengi. Nimpe viwili, asiwe ameshiba. Nikishampa nimwache mahali pa kivuli na kimya, ningoje saa nzima au zaidi. Nisiongeze hata kidogo, hata nikiona dawa haifanyi kazi, kwa maana dawa huchukua muda, na nikiongeza zote zitamwangukia pamoja. Nisimchanganyie na dawa za watu. Nisimwache peke yake, na asipigwe na jua wala baridi. Tena akarudia mara mbili kwamba mbwa aliyetulizwa si mbwa aliyelala. Anasikia, anashtuka, anauma.

Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa muda wote huo. Nilikuwa nafikiria rangi ya kilemba.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeanza kumzoesha Kamishna chakula changu, ili Jumapili asishtuke. Nilimrushia hamri juu ya ua. Alilinusa akaliacha. Hamri la mama, ambalo watu wanatoka Mtongwe kuja kulinunua! Nikamrushia kipande cha mkate. Alikikojolea.

Jioni nikamrushia samaki, changu wa kukaanga. Akaruka akamdaka hewani, akamla na miba yake, akaniangalia kwa macho ya urafiki. Nikavaa kanzu haraka nikajaribu kupita. Urafiki ukaisha papo hapo.

Mama anatafuta samaki wake. Nikamwambia paka. Anasema hatuna paka. Nikasema paka wa Elkana. Nilifurahi kumtia Elkana katika jambo hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekutana na Mwachande msikitini. Akanisalimia kwa tabasamu, akauliza hali ya Mjomba Nguma na ya kiatu chake. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Baada ya sala Mjomba Nguma akaniita pembeni. Ni ndugu yake mama, ndiye atakayeongoza wazee. Alisema, wallahi, Jumapili akimwona mbwa yule wima, haendi, nimtafute mjomba mwingine. Nikamwapia kwamba mbwa hatakuwa wima. Akaniangalia sana. Akauliza nina mpango gani. Nikamwambia ni wa kitaalamu.

Leo Mastura amepita kwenda kisimani na mdogo wake Mwanarehema. Aliniangalia, kisha akaangalia ua wa Elkana, kisha akajifunika mdomo kwa buibui. Aibu ya bibi harusi. Nimefurahi mno.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika baada ya sala ya isha.

Siku ilianza vizuri. Elkana yuko kazini bandarini. Mkewe Jael yuko kanisani. Saa nane na nusu nikachukua changu mzima, si kipande, maana siku kubwa haifai uchoyo, nikamtia vidonge viwili tumboni, nikamrusha. Kamishna akamla. Halafu akala makombo aliyoachiwa na Jael, sufuria nzima. Daktari alisema asiwe ameshiba. Nikasema nafsini mwangu shibe huleta usingizi, itasaidia.

Nikangoja. Nilingoja sana. Labda robo saa. Kamishna akabweka kama kawaida. Nikavaa kanzu yangu mpya, ile ya darizi, nikapitisha mkono tu mlangoni pa ua wa Elkana. Akaurukia! Dawa ya uongo, nikasema. Au mbwa huyu ana damu ya simba. Wazee watafika wakati wowote. Nikatia viwili vingine katika kichwa cha samaki. Kisha kimoja cha baraka.

Mwenye kuposa hafuatani na wazee wake, hiyo ndiyo desturi. Basi nikajificha nyuma ya mgomba wa kona nitazame ushindi wangu.

Baada ya alasiri kidogo, Kamishna akatoka nje. Alikuwa akitembea kama mtu aliyetoka kunywa tembo, miguu ya mbele inakwenda kwa Mzee Boga na ya nyuma inabaki kwa Elkana. Akafika barabarani katikati, akakaa. Akaona hiyo nayo ni kazi. Akajikokota hadi ng'ambo ya pili. Akajilaza hasa mlangoni pa Mzee Boga, kizingitini, ulimi nje, mate yanachuruzika kwenye ngazi.

Na wazee wangu hao! Mjomba Nguma mbele na bakora, kanzu nne nyuma yake, udi unanukia. Wakasimama. Hakuna wa kuruka na hakuna wa kumsogeza, maana mate yale yakigusa kanzu ya mtu ni kuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Mjomba akasema amekufa huyu. Akamchokoa kwa bakora. Kamishna akaamka kwa ghafla, akaing'ata bakora ikalia kwa! akaiachia, akalala tena. Wazee wote wakajikuta upande wa pili wa njia. Nami nikakumbuka maneno ya daktari, nikaona ni kweli kabisa.

Hapo Jael akarudi kutoka kanisani. Alipiga ukelele uliowatoa watu mpaka kule kivukoni. Kamishna wake amelishwa sumu! Akapiga magoti, akamfunua macho, macho yamefunikwa na ngozi nyeupe nusu. Akamfunua mdomo, ufizi umepauka. Akamshika masikio, baridi. Watu wakajaa. Wakati huo huo wazee wa Mwachande wanakunja kona, na Mwachande mwenyewe nyuma yao, kwa kuwa hana desturi wala adabu.

Jael akainuka akamnyooshea kidole. Ni huyu! Kila siku anamrushia mbwa wangu miguu ya kuku! Nani amemwomba? Watu wakamgeukia Mwachande. Akaanza kurudi nyuma, kisha akageuka, kisha akakimbia, na wazee wake wakamfuata na sahani zao za halua.

Nakiri nilifurahi. Nyuma ya mgomba nilicheza kwa mguu mmoja. Mwachande kwisha! Nami ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Wazee waingie kwa mlango wa uani, posa ipokewe, na mimi nije jioni nimpe pole Jael.

Kisha Kamishna akavuta pumzi moja ndefu. Nikangoja ya pili. Haikuja. Wallahi nilihesabu majani ya mgomba yote nikiingoja. Ilipokuja ilikuwa nyembamba sana. Nikamwona anavyolala, kidogo, mwembamba, si arobaini hata kwa ndoto, yote yale ni manyoya na kelele. Yule mbwa alinilia samaki wangu tangu Jumatano na alikuwa akinitazama kwa macho ya urafiki, kanzu kando.

Nikatoka. Sijui nilivyotoka. Nikasikia Mjomba Nguma anapiga kelele Rama, Rama, mbwa huyo, usimguse! Nilikwisha kumbeba. Kanzu mpya, ya darizi, mate mpaka kifuani. Nikamlaza kwenye mkokoteni wa muuza makaa, nikausukuma, Jael upande mmoja analia, Mjomba upande mwingine anasukuma kwa ncha ya bakora iliyobaki. Tukaenda mpaka nyumbani kwa Daktari Rispa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anakaa kula.

Akamweka Kamishna kwenye mizani. Kilo kumi na nane. Akamtazama meno, akasema huyu ni mzee, na tena mzee wa siku nyingi. Akanitazama mimi. Akauliza, bila kupandisha sauti, amekula vidonge vingapi na saa ngapi. Jael akageuka. Mjomba akageuka. Nikisema viwili, Jael hatajua, Mzee Boga hatajua, Mwachande amekwisha. Nikasema vitano. Nikasema na alikuwa ameshiba. Nikasema si mbwa wangu. Nikikumbuka uso wa Jael natamani kuingia chini ya kitanda.

Daktari akasema hakuna dawa ya kuifuta dawa hii, kilichopo ni kumtunza mpaka imwishe. Akamtia maji ya chumvi chini ya ngozi. Akamfunga blanketi. Akaniambia kwa kuwa nimejifanya mwenye mbwa, basi leo nitakuwa mwenye mbwa. Nikae chini, kichwa cha Kamishna nikiinamishe kidogo ili mate yatoke asije akapaliwa, nimgeuze ubavu kila akiniambia, nitazame ufizi na kifua, nisipige kelele na mtu asipige makofi. Akanihutubia huku nimempakata mbwa. Safari hii nilisikia yote.

Jua limezama hivi, Kamishna akafumbua jicho moja. Akaniangalia. Akaiangalia kanzu. Nikafumba macho nikasema shahada. Akanilamba kidevu.

Jael alicheka na kulia pamoja. Mimi nililia tu.

Jumatatu, 12 Agosti

Mara saba. Mama alisimama kisimani na fimbo ananihesabia. Nilipofika mara ya tano akapita shoga yake Mwanatabu, wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, na hesabu ikapotea. Tukaanza upya. Mara ya kwanza kwa udongo, mimi, kanzu, kofia, mpaka ndevu. Mtaa mzima ulikuja kuteka maji leo, hata wenye mifereji nyumbani.

Elkana amekuja! Nilidhani amekuja kunipiga nikawa tayari kukimbia. Akakaa kwenye ngazi yetu, akanitazama, akasema: "Rama, si ungeniambia tu? Ningemfunga." Akasema Jumapili ile ya kwanza pia angemfunga, lakini nani alimwambia kuna posa? Nikamwambia ni mambo ya waya wa redio. Akasema waya aliushusha kwa sababu radi ingetuua sote. Akapanda paani pake mwenyewe akaufunga upya, na mti mrefu wa kuuinua. Saa hizi napata stesheni ambazo sizijui hata lugha zake.

Daktari Rispa naye alipita kumtazama mgonjwa. Amepona, anakula, anabweka. Daktari akadai vidonge vilivyobaki. Nilimrudishia. Karibu vyote.

Jumanne, 13 Agosti

Yote yamefika kwa Mzee Boga. Mjomba Nguma hajui kuficha kitu, alikwenda akamsimulia mwanzo mpaka mwisho, na kwamba ni mimi niliyelisha. Nikalala kifudifudi. Posa imekwisha, nikasema. Nitahamia Port Reitz, nifanye kazi za uwanja wa ndege, niangalie watu wengine wakienda mbali.

Adhuhuri nikaitwa. Nilikwenda. Nikamtolea Mzee Boga shikamoo. Alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka! Alicheka mpaka akaletewa maji. Akasema katika maisha yake hajaona mjinga wa kiasi changu. Lakini akasema pia, mambo yalipoharibika mlangoni pake vijana walikuwa wawili, na yule ambaye hakuwa na kosa alikimbia, na mwenye kosa akatoka mafichoni akabeba najisi kwa kanzu ya posa. Binti yake ataugua siku moja, kila mtu huugua. Anamtaka mtu wa kumpakata, si wa kukimbia.

Posa imepokewa! Alhamdulillahi! Nilitoka pale nikamkumbatia mgomba.

Mwanarehema akanifuata mbio na salamu za dada yake. Mastura alijua tangu Jumatano. Aliniona kupitia dirisha nikirusha samaki, na alimwambia baba yake kwamba hata wazee wakikimbia mara kumi, yeye hamtaki mwingine. Ana sharti moja tu. Katika nyumba yake, chai ataipika mwenyewe.

Sharti la ajabu, lakini nimelikubali.

Ijumaa, 23 Agosti

Nikahi ni Ijumaa ijayo, msikiti wetu wa hapa hapa. Kanzu imekuwa nyeupe kuliko ilipotoka dukani. Elkana ameahidi kumfunga Kamishna, ingawa hakuna haja, maana Kamishna sasa ananifuata kila niendako na anabweka akimwona mtu aliyevaa suruali. Furaha tupu.

Liko tatizo moja dogo. Katana muuza maji hufunga punda wake nyuma ya msikiti, na punda huyo hawezi kusikia kadhi akikohoa bila kumjibu. Juma lililopita aliharibu nikahi ya watu. Bwana harusi alisema nimekubali, punda akalia, kadhi hakusikia, ikabidi aseme tena, punda akalia tena, mpaka mashahidi wakatoka nje kucheka. Haliwezi kunipata mimi jambo hilo. Mastura asubiri dirishani neno langu, asikie punda?

Mama anasema niende kwa Katana nimwombe amhamishe punda kwa saa moja. Haiwezekani. Katana alikuwepo kisimani siku ile na alicheka kuliko wote.

Lakini hakuna haja ya kugombana na mtu. Vidonge vile ambavyo havikurudi kwa daktari vipo, nimevitazama, ni vizima kabisa. Jioni nimepita nyuma ya msikiti nikamwangalia punda vizuri, kwa mbali. Na punda ni nini hasa, kama si mbwa aliyepata malisho mazuri?